Sola inayoelea: ziwa tunalo, bwawa liko wapi?



Kuna wazo moja linalorudi kila mara katika mazungumzo yetu sisi vijana wa Fizi: tuweke paneli za sola juu ya Ziwa Tanganyika, hapa Baraka, na tatizo la umeme litaisha. Mmoja anataka liwe somo la TFC yake. Mwingine ameliandika katika karatasi ya kuomba pesa. Mwingine anatuma picha ya paneli zinazoelea kule China na kuuliza: «Na sisi tunangoja nini?» Hamu hiyo ninaielewa vizuri. Mtu aliyesoma kwa tochi ya simu, akamaliza masomo, akarudi nyumbani akakuta wamama bado wanazalishwa kwa tochi ileile ya simu, hawezi kuangalia maji yote yale yanavyometa chini ya jua na kunyamaza.

Lakini wazo zuri linahitaji msomaji mkali. Leo ninataka tulisome hili kama direkta anavyosoma memwari: kalamu nyekundu mkononi, na nia njema moyoni.

Maoni yangu niyaseme mapema ili nisiwachoshe. Sola inayoelea ni teknolojia ya kweli, si ndoto. Ila sehemu kubwa ya sifa zake inatokana na bwawa la umeme lililo chini yake. Sisi tuna jua, tuna ziwa, bwawa hatuna. Kwa hiyo mradi mkubwa wa kuelea hapa Baraka haupaswi kuwa wa kwanza kupewa pesa. Upo mradi mdogo wa kuelea unaotufaa, nitaufikia. Kwanza tuone wazo lenyewe limetoka wapi.

Namba tunazonakili

Mfumo wa kwanza wa aina hii ulijaribiwa Aichi, Japani, mwaka 2007, na ulikuwa mdogo wa kilowati 20 tu. Mwaka 2008 shamba moja la zabibu huko California, Far Niente, liliweka paneli juu ya bwawa lake la kumwagilia. Sababu yao ilikuwa rahisi: hawakutaka kung'oa mizabibu ili kupata nafasi ya paneli. Hilo mulishike, kwa maana litatusaidia mbele. Kufikia mwaka 2018 dunia nzima ilikuwa imepita gigawati moja ya paneli zinazoelea.

Ripoti ambayo karibu kila mwanafunzi anaitaja ni ile ya Benki ya Dunia na taasisi ya utafiti wa sola ya Singapore, inayoitwa Where Sun Meets Water, ya mwaka 2019. Inasema uwezo wa sola inayoelea duniani unaweza kufika gigawati 400, hata ukikadiria kwa tahadhari. Namba tamu. Tunainakili ukurasa wa kwanza wa kazi zetu, kisha tunaruka moja kwa moja hadi Baraka. Hapo katikati kuna neno tunaloliacha nyuma: hesabu ile imefanywa juu ya mabwawa yaliyotengenezwa na binadamu. Ziwa Tanganyika halimo. Ni ziwa la asili, la pili kwa kina duniani, na hakuna aliyelijenga.

Kuna pia utafiti wa mwaka 2021 wa kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kuhusu Afrika. Ulionyesha kwamba ukifunika chini ya asilimia 1 ya maji ya mabwawa ya umeme ya Afrika, unaweza kuongeza maradufu uwezo wa mitambo iliyopo na kuzidisha uzalishaji wa umeme kwa asilimia 58. Hii nayo tunainakili sana. Na hii nayo inazungumzia mabwawa ya umeme, tena yale yaliyokwisha kujengwa.

Kwa hiyo kosa la kwanza ninaloliona katika kazi nyingi ni la usomaji. Tunachukua namba ya mabwawa na kuivalisha ziwa.

Bwawa linaleta nini?

Mtu ataniuliza: maji ni maji, tofauti iko wapi?

Tofauti ni tatu. Ya kwanza ni usiku. Paneli zinalala jua likizama. Zikiwa juu ya bwawa la umeme, mchana zinafanya kazi zenyewe na maji yanatunzwa. Jioni watu wakirudi nyumbani, milango ya bwawa inafunguliwa na turbini zinazunguka. Bwawa limekuwa batri. Ya pili ni laini: penye bwawa la umeme tayari kuna nguzo, transfoma na wafanyakazi wanaojua kazi. Ya tatu ni wateja: kama bwawa linauza umeme, basi kuna mtu anayeulipia.

Angalieni Cirata, Indonesia. Mwezi Novemba 2023 walizindua paneli zinazoelea za megawati 192. Wengi wanatuma picha ya paneli bila kusema kwamba bwawa lenyewe la Cirata lina mtambo wa maji wa zaidi ya megawati 1,000, na laini zake zinakwenda kwenye kisiwa cha Java chenye watu wengi kupita kiasi. Karibu zaidi na sisi, angalieni Bui, Ghana. Bwawa lina megawati 404. Walipoongeza sola waliweka megawati 50 nchi kavu, na juu ya maji 5 tu. Hata mwenye bwawa alianza na ardhi!

Na karibu kabisa na sisi ni Goma. Mwezi Februari 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa sola wa megawati 1.3 pamoja na batri na jenereta za kusaidia. Goma iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kama Baraka ilivyo ukingoni mwa Tanganyika. Paneli waliziweka wapi? Ndosho, nchi kavu.

Hoja tatu tunazozirudia

Katika kazi zetu kuna hoja tatu za kuitetea sola inayoelea. Tuzipime moja moja.

«Inaokoa ardhi.» Megawati moja ya paneli inahitaji karibu hekta moja. Teritwari ya Fizi ina kilomita za mraba zaidi ya 15,000. Kwa hesabu tu, nafasi haitushindi. Wale wa California walikuwa na mizabibu ya bei kali. Sisi tuna nafasi kwenye mapaa ya shule, makanisa, hospitali na masoko. Lakini hapa ninakubali kitu: kwetu tatizo la ardhi si ukubwa wake, ni mwenyewe. Munajua jinsi hekta moja inavyoweza kuleta kesi ya ukoo na ukoo, ya mkulima na mfugaji, ya chifu na serikali. Anayesema «ziwani hakuna parcelle» ana sababu ya kusema hivyo. Nitamjibu nikifika kwa wavuvi.

«Maji yanapoza paneli, zinatoa umeme zaidi.» Ni kweli. Paneli ya kawaida inapoteza karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila digrii moja ya joto inapopita digrii 25. Lakini waliopima kwa vyombo, Uholanzi na Singapore, walipata faida ya karibu asilimia 3 kule kwenye baridi na 6 kule kwenye joto. Wakati huohuo, maboya, kamba, nanga na nyaya za majini kwa kawaida vinaongeza gharama ya kujenga kwa asilimia 10 hadi 25. Na hiyo ni bei ya nchi zenye barabara. Boya ni plastiki yenye hewa ndani. Lipakie kwenye lori, upitishe barabara ya Uvira hadi Baraka wakati wa mvua: umelipa usafiri wa hewa kwa kilomita 90 hivi za matope.

«Inazuia maji kukauka.» Kwa bwawa dogo la kumwagilia katika nchi kavu, hiyo ni faida kubwa. Kwa ziwa la kilomita za mraba karibu 32,900, lenye kina kinachofika mita 1,470, hoja hii tuifute tu. Ni kweli Tanganyika inapoteza maji yake mengi kwa mvuke kuliko kwa mto Lukuga. Lakini hekta tano za paneli mbele ya Baraka haziwezi kubadilisha kitu. Na miaka hii ya karibuni tatizo letu limekuwa kinyume chake: maji yamezidi.

Ziwa halitulii

Hapo sasa tumefika kwenye ziwa lenyewe. Kila mwaka maji yanapanda na mvua hadi karibu mwezi wa nne au wa tano, kisha yanashuka na kiangazi hadi mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Tofauti ni kama mita moja hivi, na hiyo ni katika mwaka wa kawaida. Mwaka 2024 yalifika kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1964. Tuliona nyumba zilivyoingiliwa na maji Uvira, Kalemie, Bujumbura na pwani hii yetu.

Mtetezi wa kuelea atafurahi hapa: «Si nzuri basi? Kinachoelea kinapanda na maji!» Ndiyo, paneli zitapanda. Lakini waya unaotoka kwenye paneli lazima ufike nchi kavu. Inveta, batri na transfoma viko pwani, na pwani inasogea. Nanga nazo zinapimwa kwa kina fulani. Ziwa likipanda mita tatu baada ya miaka michache, kamba zilizokazwa zinavutika, na zilizolegezwa zinaacha paneli zitembee.

Kitu kinachotembea ziwani kina madhara. Mwezi Aprili 2020, wakati Ziwa Victoria lilipokuwa limejaa, kisiwa cha majani kinachoelea kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja, na Uganda nzima ikaingia gizani. Majani tu yale. Japani nako, mwezi Septemba 2019, kimbunga Faxai kilipiga paneli zinazoelea kwenye bwawa la Yamakura, megawati 13.7. Paneli zilirundikana moja juu ya nyingine na moto ukawaka juu ya maji. Hiyo ni Japani, yenye wahandisi na bima.

Sisi hatuna vimbunga vya aina ile. Tuna upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, tuna dhoruba za ghafla ambazo kila mvuvi anazijua, na mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi. Ili niwe wa haki, Baraka ina bahati moja: rasi ya Ubwari imesimama mbele yetu kama mkono na inakinga ghuba dhidi ya mawimbi makubwa ya ziwa wazi. Kama kuna sehemu ya Fizi inayoweza kubeba kitu kinachoelea, ni ndani ya ghuba hii ya Burton, si Makobola na si upande wa nje wa Ubwari. Lakini ghuba inakinga kiasi gani? Mawimbi yanafika urefu gani mwezi wa saba? Namba hizo ndizo zinazokosekana katika kazi zetu, na bila namba hizo hakuna fundi atakayechora nanga.

Ziwa lina wenyewe

Sasa ninamjibu yule wa «ziwani hakuna parcelle».

Nenda ufukweni usiku usio na mwezi. Utaona taa mstari kwa mstari: wanatafuta ndagala. Ukimuuliza mvuvi kama pale panapotakiwa paneli ni patupu, atakujibu: «Pale njo tunatupaka nyavu.» Ziwa halina hati, lakini lina njia za mitumbwi, lina sehemu za kokoro, lina maficho ya samaki kuzaa karibu na pwani, lina wamama wanaongoja samaki alfajiri ili waanike au wabebe sokoni. Hekta kumi za paneli, pamoja na kamba na eneo la usalama kuzunguka, ni hekta kumi ambazo nyavu hazipiti. Na samaki wa Tanganyika si samaki wa kila mahali: aina zaidi ya 200 za sikilidi zinaishi humu, na nyingi hazipatikani sehemu nyingine yoyote ya dunia. Kivuli juu ya maji ya pwani kitawafanya nini? Kwenye bwawa la samaki wa kuletwa, swali hili ni dogo. Hapa ni kubwa.

Tena ziwa si la Fizi peke yake, wala si la Kongo peke yake. Mkataba wa Ziwa Tanganyika ulitiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mradi wenye athari kwa ziwa unatakiwa kuchunguzwa athari zake kwanza, na majirani kuarifiwa. Mamlaka ya Ziwa iko Bujumbura. Ni mara ngapi nimeona mradi wa «sola ya ziwani» usiotaja mkataba huu hata kwa mstari mmoja!

Halafu kuna jambo tunalolijua wote bila kuambiwa. Huku vita vinakuja na kuondoka, na watu wanakimbia na kile wanachoweza kubeba. Paneli iliyo juu ya paa la zahanati inaweza kung'olewa na kufichwa. Paneli zilizofungwa ziwani zinangoja yeyote mwenye mtumbwi na bunduki. Sisemi tusijenge kwa sababu ya vita, maana tukingoja amani kamili tutazeeka. Ninasema tujenge vitu vidogo vingi kabla ya kimoja kikubwa, ili siku mbaya isituchukulie vyote kwa mara moja.

Swali la usiku, swali la pesa

Katika nchi yetu, mtu mmoja tu kati ya watano hivi ndiye mwenye umeme, na vijijini ni wachache mno. Huku kwetu watu wanaishi na paneli ndogo juu ya bati, na jenereta ya esansi au mazutu kwa mwenye uwezo. Mahitaji yetu makubwa ya nyumbani yanaanza saa kumi na mbili jioni. Bila bwawa, sola inayoelea inahitaji batri kama sola nyingine yoyote, na batri ni sehemu nzito ya bei. Kuelea hakuondoi batri hata moja. Hilo tu lingetosha kutufanya tuulize: kama batri ni zilezile, kwa nini tulipe zaidi ili paneli zikae mahali pagumu zaidi kufikia, kusafisha na kulinda?

Sheria haituzuii. Tangu sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014, SNEL si peke yake tena. Makampuni binafsi na mikoa wana nafasi yao, kuna ARE ya kusimamia na kuna ANSER ya vijijini. Tatizo ni mteja. Mwenye pesa atauliza: nani atanunua kilowati zako saa sita mchana? Ukimjibu «wananchi wa Fizi», amefunga kompyuta yake. Ukimjibu kwa majina ya kazi (mashine za kusaga mihogo, mafundi wa kuchomelea, majokofu ya samaki, sekretaria za fotokopi) na kila moja inakula kiasi gani cha mazutu kwa wiki, atakaa akusikilize.

Na usisahau mshindani. Nyuma yetu kuna milima, na mito inayoteremka kutoka huko, Mutambala ukiwa mmoja wao. Mto unafanya kazi usiku. Virunga walionyesha jambo hilo Matebe, Rutshuru, mwaka 2015, kwa mtambo wa maji wa megawati 13 hivi ambao umeme wake unafika Goma. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni mito na mapaa ya bati.

Basi kuelea kuna nafasi gani?

Nimekosoa vya kutosha. Kuna matarajio, na si ya kufariji tu.

Kanuni yake inatoka kwenye yote tuliyosema: tafuta kazi inayofanyika mchana, au kazi ambayo matunda yake yanaweza kutunzwa. Kule Naivasha, Kenya, shamba moja la maua liliweka paneli zinazoelea za kilowati 69 hivi kwenye maji yake. Wana mahali pao pa kuziweka, na kazi ya shamba inafanyika mchana. Kwa hiyo mradi mdogo ule una maana kuliko megawati ishirini zisizo na mteja.

Kwetu, kazi hiyo ni maji ya kunywa. Fizi ni kati ya sehemu ambazo kipindupindu hakiondoki, na tunaishi kando ya mojawapo ya maziwa makubwa ya maji matamu duniani! Pampu ya pwani ina shida mbili: mazutu, na ziwa linalosogea. Mwaka mmoja maji yanaizamisha, mwaka mwingine yanaiacha kwenye mchanga. Sasa iweke pampu kwenye jukwaa dogo linaloelea, mita chache kutoka ufukweni, na paneli zake juu yake. Jukwaa linapanda na kushuka na ziwa. Bomba la kupinda linafuata.

Tupige hesabu kidogo. Kupandisha maji mita za ujazo 10 kwa saa hadi urefu wa mita 60, bila hasara, kunahitaji karibu kilowati 1.6. Pampu na mabomba yakila nusu ya nguvu, ni kilowati 3.3. Paneli za kilowati 6, yaani kumi na mbili za wati 500, zinatosha kwa saa tano za jua zuri. Hiyo ni lita 50,000 kwa siku: bidoni 2,500 za lita ishirini. Yatiwe dawa, yahifadhiwe kwenye tanki kilimani, na usiku yateremke yenyewe kwenye mabomba. Mumeona? Tanki limekuwa bwawa letu. Hakuna batri, hakuna mazutu, na eneo lililochukuliwa ziwani ni dogo kuliko ua wa shule. Mvuvi atalizunguka, hasa kama naye anakunywa maji yake.

Kazi ya pili ni barafu. Mashine ya barafu inafanya kazi mchana, barafu inangoja samaki wa alfajiri. Mkeke anayefika sokoni mzima ana bei tofauti na aliyeanza kulegea. Hiyo haihitaji kuelea hata kidogo. Paneli zikae juu ya paa la soko. Ya tatu ni taa za wavuvi. Tangu karabai ziachie nafasi taa za LED na batri, kila mtumbwi unaotoka na taa hizo ni mteja anayetaka batri iliyojaa kabla ya jua kuzama. Sola inayoelea ya kweli ya Fizi labda ndiyo hiyo: jua linakusanywa ufukweni mchana, linaelea usiku ndani ya batri.

Na kama nchi yetu inataka kujaribu mfumo mkubwa, ianzie penye mabwawa: Mwadingusha na Nzilo huko Katanga, ambako kuna turbini, laini, na migodi yenye njaa ya umeme mchana na usiku. Tukisikia wamefanikiwa huko, tutakuwa na kitu cha kujifunza katika lugha yetu wenyewe na katika sheria zetu wenyewe.

Kwa wenzangu munaotafuta somo

Ninajua mmoja atasema ninavunja moyo vijana. Ninachokiogopa ni kingine. Mradi ukishindwa Baraka, wanaopoteza si waandishi wa mradi. Mfadhili ataandika ripoti na kuondoka. Mvuvi atabaki na kamba zilizozama zinazokata nyavu zake, mama atabaki na bidoni yake kichwani, na siku mwingine akileta mradi mzuri ataambiwa: «Wale wa kwanza nao walisema hivyo.» Imani ya watu inaisha haraka kuliko batri, na hakuna mahali pa kuichaji.

Kwa hiyo kama unatafuta somo la TFC au memwari, usiniletee tena «Matatizo na matarajio ya sola inayoelea katika Ziwa Tanganyika» yenye kurasa arobaini za Cirata. Chukua mti wenye alama za sentimita, usimike katika ghuba, andika kiwango cha maji kila asubuhi kwa mwaka mzima. Azima kipima upepo. Kaa ufukweni mwezi mzima uhesabu mitumbwi na uchore ramani ya mahali nyavu zinapotupwa, uichore pamoja na wavuvi wenyewe. Tembelea kila mashine ya kusaga ya Baraka, uandike lita za mazutu. Kazi kama hizo hazina picha nzuri za kutuma. Lakini siku fundi wa kweli atakapokuja na kuuliza ghuba hii ina mawimbi kiasi gani na nani atalipa, sisi ndio tunapaswa kuwa na jibu mfukoni.

Yeyote aliye tayari kuanza na kupima kiwango cha maji, aandike hapa chini. Tukipata watu sita, wawili Baraka, wawili Mboko na wawili Kazimia, tunaweza kuanza mwezi ujao.